Kinjikitile na Kinjeketile

Vyuo vikuu hupenda kusifiwa kwa wingi wa kazi zao. Mwisho wa mwaka huhesabiwa tasnifu, vitabu, michezo ya kuigiza, diwani za mashairi na taarifa za uchunguzi, na hesabu ikiwa kubwa husemwa kwamba elimu imestawi. Hatuna ugomvi na sifa hiyo, maana chuo kisichozaa kitu hakistahili jina lake. Lakini wingi wa kazi ni jambo moja, na kazi kujuana ni jambo jingine. Katika makala haya twataka kuuliza kama kazi za uchunguzi na kazi za utungaji zilizotoka katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hujuana. Na ili swali lisielee hewani, tumelifunga katika kipande kimoja cha nchi, yaani pwani ya Kilwa na Lindi pamoja na vilima vilivyo nyuma yake.

Tumeuchagua upande huu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba umechunguzwa na watu wengi kwa njia nyingi. Ya pili ni kwamba katika miaka ya 1968 na 1969 ulipata bahati isiyokuwa ya kawaida: juu ya vita moja na mtu mmoja, chuo kimoja kilitoa karibu kwa wakati mmoja uchunguzi mkubwa wa historia na mchezo mkubwa wa kuigiza. Asiyeweza kuyapima mahusiano ya elimu na sanaa katika mfano huu hataweza kuyapima mahali pengine.

Kwanza tuitazame orodha kwa ufupi. Kilwa Kisiwani ilichimbwa na Neville Chittick tangu mwaka 1960 hata 1965, na matokeo yake yakapigwa chapa katika vitabu viwili mwaka 1974. Kwa kazi hiyo twaufahamu zaidi Msikiti Mkuu, na jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzo wa karne ya 14 katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mjini mwaka 1331. Baadaye Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa tasnifu yake juu ya pwani ya Tanzania katika miaka elfu ya kwanza ya Masihiya, akashindana na rai ya waliomtangulia kwamba ustaarabu wa pwani uliletwa na wageni. Yeye aliutafuta mwanzo wake kwa wakulima wa nchi hii wenyewe. Kitabu hicho kilitoka Uppsala, Uswidi, mwaka 1994. Kimatumbi, lugha ya vilima vya nyuma ya Kilwa, kinajulikana kwa wataalamu wa sauti za lugha duniani kote kwa sababu David Odden, Mmarekani, alikitungia kitabu kilichotoka mwaka 1996. Na katika kilima cha Tendaguru, karibu na Lindi, Wajerumani walichimba baina ya 1909 na 1913 mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, kiasi cha tani 225 za mizigo kwa jumla, na mjusi mmoja wapo amesimamishwa Berlin, ana urefu wa zaidi ya meta 13 kwenda juu.

Si wote tuliowataja walikuwa watu wa chuo chetu, na hapana lazima wawe. Lakini msomaji atakuwa ameona jambo moja katika orodha hii: kila kilichotolewa katika ardhi ya pwani hii, kiwe mfupa, kigae au neno, kiliondoka kikaenda kukaa mbali, na maelezo yake yakaandikwa kwa lugha ambayo mvuvi wa Kivinje na mkulima wa Kipatimu hawaisomi. Hatusemi haya kwa kulalamika tu. Tutayarudia, kwa sababu ndiyo yanayoupa mfano wetu uzito.

Sasa na tuuingie mfano wenyewe. Mwishoni mwa mwezi wa Julai 1905, katika kijiji cha Nandete, milima ya Matumbi, watu wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia katika shamba la pamba iliyolimwa kwa amri ya serikali ya Wadachi, wakang'oa mashina machache. Ndiyo iliyokuwa ishara ya vita. Tangu mwaka 1902 serikali ile ilikuwa imewalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya shirika, na faida haikuwafikia waliolima. Kabla ya pamba kung'olewa, mtu mmoja wa Ngarambe aitwaye Kinjikitile Ngwale alikuwa amepandwa na pepo Hongo mwaka 1904, akaingia katika maji, akatoka na dawa. Habari zake zilienea kwa kunong'onezana, jambo ambalo Wamatumbi waliliita njwiywila, na watu wakamiminika Ngarambe kutoka pande zote. Vita ilishika nusu ya kusini ya nchi hata mwaka 1907. Serikali ya Kijerumani ilihesabu maiti 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyeichunguza vita hii kuliko wengine, alikadiria 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa.

Gwassa pamoja na John Iliffe walitoa mwaka 1968 mkusanyo mdogo wa kumbukumbu za vita hiyo. Wakati huo huo Idara ya Historia ya Chuo Kikuu iliwatuma wanafunzi wake katika nchi walikozaliwa, wawasikilize wazee waliokuwa wakiikumbuka vita kwa macho au kwa kuambiwa, na karatasi zao zikakusanywa mwaka 1969. Tasnifu ya Gwassa ilikamilika mwaka 1973. Kazi hiyo ilikuwa na ushujaa wake. Mpaka wakati ule habari za Maji Maji zilikuwa katika taarifa za maofisa na barua za wamisheni, yaani katika mikono ya upande mmoja wa vita. Wanafunzi wale walikwenda kwa upande wa pili, na kumbukumbu ya mzee ikawekwa mezani mbele ya karatasi ya ofisa, ishindane nayo.

Mwaka huo huo wa 1969 ulitoka mchezo wa Kinjeketile, ulioandikwa na Ebrahim Hussein, kijana aliyezaliwa mwaka 1943 katika pwani hii hii ya kusini na aliyesoma katika chuo kile kile. Tazama majina mawili haya kwa makini. Mwanahistoria huandika Kinjikitile. Mtungaji ameandika Kinjeketile. Tofauti ni irabu mbili tu, na wasomaji wengi hawazioni. Wengine huziona wakadhani ni kosa la mpiga chapa. Sisi twaona kwamba katika nafasi ya irabu hizo mbili ndimo mlimo tatizo lote tunalotaka kulijadili. Tunao watu wawili. Mmoja aliishi Ngarambe akafa. Wa pili huishi kila mara kitabu kinapofunguliwa. Mtungaji mwenyewe ametuonya katika utangulizi wake kwamba mtu wake ni kiumbe cha fikira, na kwamba apimwe kwa mizani ya fasihi, asipimwe kwa mizani ya historia.

Je, mtungaji alifanya nini na mtu yule aliyempokea kutoka katika historia? Yako aliyoyahifadhi. Dhiki ya chakula tunaikuta tangu mwanzo wa mchezo katika mazungumzo ya wanawake wawili, Bi Kitunda na Bi Bobali, na kwa hiyo vita inaanzia jikoni kabla ya kufika katika baraza la wazee. Jina la Bwana Kinoo, ambalo Wamatumbi walimpa mlowezi mmoja wa Kijerumani, limo katika kumbukumbu za wazee na limo katika mchezo. Baadhi ya wahusika, kama Mkichi na Mngindo, hawana majina ila ya makabila yao, na hiyo ni njia fupi ya kumwonyesha mtazamaji ugumu wa kuwakutanisha watu waliokuwa hawaaminiani.

Lakini liko jambo moja kubwa alilolibadili, nalo ndilo moyo wa mchezo. Kinjikitile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa haijatimiza hata wiki tatu. Hakuona dawa ikishindwa. Hakusikia habari za watu walioanguka mbele ya bunduki za mzinga. Hakuishi kuona njaa ya mwaka wa pili. Kinjeketile wa mchezo ameongezewa umri. Mtungaji amemtoa kwenye kitanzi cha Mohoro akamweka hai mpaka vita imeshindwa, akamtia gerezani, akamsimamisha mbele ya matunda ya neno lake mwenyewe. Pale gerezani anapewa nafasi ya kuiokoa roho yake: akiri tu kwamba maji yalikuwa uwongo. Kitunda, rafiki na amiri wake, anamsihi akubali. Naye anakataa, si kwa kuwa anaamini bado kwamba maji huzuia risasi, bali kwa kuwa anajua kwamba akikana leo, Wajerumani watalichukua neno lake na kulitangaza kote, na watoto wa waliokufa wataambiwa kwamba baba zao walipigania upuuzi.

Hapo mtungaji amefanya kazi ambayo mwanahistoria hawezi kuifanya, na wala haifai aifanye. Mwanahistoria akimwongezea mtu miezi michache ya uhai amesema uwongo. Mtungaji akifanya hivyo kwa makusudi yaliyo wazi, ametupa nafasi ya kuliuliza swali ambalo kifo cha mapema cha Kinjikitile kilitunyima: je, neno lisilokuwa la kweli laweza kuzaa umoja ulio wa kweli? Na yule aliyelitamka, ana haki ya kulirudisha? Mchezo umeliandaa swali hili mapema, maana hata kabla ya vita Kinjeketile anashikwa na mashaka. Pepo alimfanya atamke kwamba watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said wa Unguja, naye akizindukana anaona kwamba huenda ametumiwa kuwatoa watu katika mkono wa bwana mmoja na kuwatia katika mkono wa bwana mwingine. Neno limetoka kinywani mwake, lakini si lake.

Kwa maoni yetu, hii ndiyo sehemu ya mchezo iliyodumu kuliko zote. Katika miaka ya 1960, nchi ikiwa changa, wanahistoria wengi waliitazama Maji Maji kama mwanzo wa umoja wa taifa, na hapana wa kuwalaumu. Miaka ilipopita wachunguzi wengine waliutilia shaka umoja huo. Kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 kilikusanya rai zinazoonyesha kwamba vita haikuwa moja kila mahali, na kwamba kila nchi ilikuwa na sababu zake na hesabu zake. Mtu akiusoma mchezo wa 1969 baada ya kukisoma kitabu cha 2010, ataona kwamba mashaka haya yalikuwamo tayari katika mchezo, katika sura ya mtu mmoja anayehangaika usiku kwa sababu hajui aliyenena kwa ulimi wake. Sanaa ilitangulia kuuliza. Elimu ikaja kutafuta.

Lakini mhakiki asiyetaja upungufu hajafanya kazi yake. Mchezo umepata fikira kubwa kwa gharama ya mahali. Mtu anayeijua nchi ya Matumbi, na vilima vyake vyenye mapango ambamo watu walijificha wakati wa vita, hataiona nchi hiyo mbele yake anaposoma. Lugha ya mchezo ni Kiswahili safi chenye mpango wa ushairi, lakini ni Kiswahili kisichokuwa na kijiji: Mmatumbi, Mngindo na Mrufiji husema kwa sauti moja. Twaielewa sababu. Mtungaji alitaka watu wa kila upande wa nchi waweze kuucheza mchezo wake, nao wameucheza. Hata hivyo, ilikuwamo katika karatasi za wanafunzi wa historia hazina ya semi na majina ambayo jukwaa lingeweza kuitumia, na haikutumiwa ila kidogo. Na pamba yenyewe, zao lililoanzisha yote, ambalo wazee walilieleza kwa uchungu na kwa ufundi wa watu waliolilima, hukaa pembeni mwa mchezo kama sababu iliyokwisha tajwa.

Kutengana huku kwa mwenye kuchunguza na mwenye kutunga si desturi ya pwani ya Kilwa na Lindi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita vya Maji Maji, na W. H. Whiteley akautoa mwaka 1957 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, kamati ile ambayo mwaka 1964 iliingizwa katika chuo cha Dar es Salaam ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Abdul Karim aliitazama vita kutoka mji wa pwani, hakuitazama kutoka vilimani, na msomaji anapaswa kuukumbuka upande aliosimama. Lakini hakuona haja ya kuchagua kati ya kuwa mwenye habari na kuwa mshairi. Utenzi ulikuwa chombo cha kuhifadhi habari. Vina vilikuwa kufuli yake, neno lisiibwe wala kubadilishwa kwa urahisi. Hata sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zilikuwa na desturi hiyo: maneno ya upande mmoja yalitiwa vina na maneno ya upande wa pili, yenye jina la sultani. Watu waliotia vina katika fedha zao wasingalielewa kwa nini sisi twaweka historia katika jengo moja na ushairi katika jengo jingine.

Sasa turudi kwenye lile tuliloahidi kulirudia, la mahali zinapokaa kazi hizi na lugha zinazozisema. Tasnifu ya Gwassa iliandikwa kwa Kiingereza. Ilipopigwa chapa kuwa kitabu kwa mara ya kwanza, mwaka 2005, miaka mia tangu vita, ilipigwa chapa Köln, Ujerumani. Twawashukuru waliofanya kazi hiyo, maana pasipo wao tasnifu ingalibaki katika rafu za maktaba. Lakini fikiri safari ya neno hili. Mzee wa Nandete alilisema mbele ya mwanafunzi. Mwanafunzi alilifasiri kwa Kiingereza. Tasnifu ililipanga na kulipima. Kisha likatoka katika nchi ya wale waliong'olewa pamba yao, kwa lugha ya nchi ya tatu. Mjukuu wa mzee yule, akitaka kujua babu yake alisema nini, ana njia gani? Njia aliyo nayo ni mchezo wa Ebrahim Hussein, uliosomeshwa katika shule zetu kwa miaka mingi, ambao unamwambia kwa uaminifu katika utangulizi wake kwamba mtu aliyemo ndani si yule wa historia.

Hilo ndilo kosa letu, nalo si kosa la mtungaji wala la mwanahistoria. Mtungaji alisema: msimchukue mtu wangu kuwa ndiye. Mwanahistoria alisema: huyu hapa ndiye, kwa kadiri ushahidi unavyofika. Lakini kauli ya kwanza ilisemwa kwa Kiswahili kwa maelfu ya wanafunzi, na ya pili kwa Kiingereza kwa wachache. Kwa hiyo onyo limebaki bila ya kitu cha kulitimiza. Kumwambia mtu kwamba picha aliyoiona si sura ya jamaa yake, na sura yenyewe umeifungia sandukuni, ni kumwacha aishike picha. Matokeo yake twayasoma katika insha za wanafunzi wetu, ambazo humnyonga Kinjikitile baada ya vita badala ya mwanzo wake, humtia gerezani pamoja na Kitunda, na hueleza mashaka yake juu ya Seyyid Said kama kwamba ni jambo lililoandikwa na shahidi.

Wako watakaotujibu kwamba elimu ya juu haina budi kusema na ulimwengu, na kwamba tasnifu ya Kiswahili isingesomwa na wanahistoria wa nchi nyingine, ambao hoja zao zimeisaidia elimu ya Maji Maji kukua. Jibu hili lina haki. Chami asingeweza kubishana na wafuasi wa Chittick kama asingeandika kwa lugha wanayoisoma. Hatusemi Kiingereza kiachwe. Twasema kwamba kazi iliyochukuliwa katika kinywa cha watu ina deni kwa watu hao, na deni hilo halilipwi kwa kusema na wengine tu. Kufasiri ushahidi wa wazee ili dunia ielewe ni nusu ya kazi. Kuurudisha ushahidi huo katika lugha uliyosemwa ni nusu ya pili.

Wengine watasema kwamba mchezo umekwisha lilipa deni hilo, kwa kuwa umelifikisha jina la mtu wa Ngarambe kila mahali. Nao wana sehemu ya haki. Bila ya mchezo huu, jina lile lingejulikana na watu wachache sana nje ya kusini. Lakini mchezo hauwezi kulipa deni la historia kwa sababu haukuazima kwa sharti hilo. Kuubebesha kazi ya kitabu cha historia ni kuudhulumu mara mbili: tunauvunjia onyo lake, na tunaacha kuusoma kama sanaa. Mwanafunzi aliyeshughulika kutafuta tarehe katika mchezo hatasikia swali lake.

Nini basi kifanywe? Tuna mambo matatu ya kupendekeza, na hata moja si la gharama kubwa. La kwanza, ushahidi uliokusanywa na wanafunzi wa 1968 upangwe na kupigwa chapa kwa Kiswahili kwa ajili ya shule na maktaba za wilaya, pamoja na maneno ya Kimatumbi, Kingindo na Kimwera yaliyomo, yakiwa na maelezo ya watu wa lugha. La pili, mchezo wa Kinjeketile usisomeshwe peke yake katika chuo. Usomeshwe pamoja na utenzi wa Abdul Karim na sura za Gwassa, katika darasa moja, na walimu wa idara mbili wakae pamoja darasani. Mwanafunzi aambiwe azitafute tarehe mbili za kifo cha mtu huyu, ile ya Mohoro na ile ya jukwaani, kisha aeleze kwa nini mtungaji aliibadilisha. Mwanafunzi aliyejibu swali hilo vizuri atakuwa amejifunza historia na fasihi kwa wakati mmoja, na atajua mpaka wake uko wapi.

La tatu lahusu wakati wetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na mpango wa kujenga kampasi katika Lindi, ambayo mafunzo yake makubwa yamekusudiwa kuwa ya kilimo. Ni habari njema kwa upande wa nchi uliosubiri sana. Lakini upande huu ndio ule ule ambao zamani uliletewa mpango wa kilimo na watu waliojua mbegu na hawakujua kusikiliza, na jibu lake likatoka Nandete. Hatulinganishi chuo na serikali ile. Makusudi yao hayafanani hata kidogo. Twasema tu kwamba mwanafunzi wa kilimo atakayekaa Lindi ana haki ya kujua shina la pamba lilimaanisha nini kwa babu za watu atakaowashauri. Kitabu cha udongo hakitamwambia. Kumbukumbu za wazee zitamwambia sababu, na mchezo utamwambia hatari ya kuamini kwamba mtu akiwa na dawa hahitaji tena kuuliza. Basi katika maktaba ya kampasi hiyo vitabu vya Gwassa na vya Hussein viwekwe rafu moja, na cha Gwassa kiwe kwa Kiswahili.

Tukiyafanya haya, sifa ya wingi wa kazi itakuwa na maana. Ebrahim Hussein alimpa mtu wake miezi ambayo Wajerumani walimnyima mtu wa Ngarambe, na akatuambia wazi kwamba amefanya hivyo. Gwassa na wanafunzi wenzake waliwapa wazee nafasi ya kushuhudia dhidi ya karatasi za serikali. Wote wawili walitimiza wajibu wao zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Lililobaki ni letu sisi tunaosomesha: kuwakutanisha Kinjikitile na Kinjeketile mbele ya msomaji mmoja, kwa lugha anayoijua, ili aweze kuwatofautisha mwenyewe.